Baba, tromboni zilipigwa chini chini

Leipzig, Novemba

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Mama mfikishie yake. Mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inanisumbua.

Juzi mwenzangu wa wodini alipata dharura, akanipa tiketi yake ya kwenda kusikiliza okestra ya Gewandhaus. Muda wote nilikuwa nakuwaza wewe. Unajua wamisionari waliofika Machame mwaka 1893 walitumwa kutoka mji huu. Basi wakati huo okestra hii ilishatimiza miaka 150.

Walianza na kazi ya fidla ya mtunzi Mendelssohn, iliyopigwa mara ya kwanza hapahapa Leipzig mwaka 1845. Huku hupigi makofi mpaka kazi nzima iishe, na Mendelssohn mwenyewe aliwaziba watu mikono: sehemu ya kwanza inaisha kwa kishindo, lakini basuni moja, lile zumari refu la mbao, inabaki imeshikilia noti yake, na kutoka hapo ndipo sehemu ya pili inapoanza, taratibu. Utapigia wapi makofi?

Baada ya mapumziko ikaja simfonia kubwa ya Schubert, kazi ndefu ya okestra nzima. Huyu alifariki 1828 akiwa na miaka 31, hajaisikia ikipigwa mbele ya watu. Karatasi zilikaa Vienna kwa kaka yake Ferdinand, hadi Schumann, naye mtunzi, alipomtembelea na kuziona. Zikaletwa Leipzig, na Machi 1839 Mendelssohn akaiongoza.

Inaanza na honi mbili za kupuliza peke yake, wimbo mmoja, sauti moja. Halafu ndani ya sehemu hiyohiyo ya kwanza tromboni tatu zinashika wimbo, Baba, na wanazipiga chini chini! Sisi tumezizoea alfajiri ya Pasaka, zikiamsha kijiji kizima. Nilikaa juu ubavuni, namwona vizuri wa tromboni ya besi: kavuta pumzi ndefu, mashavu hayakuvimba, mkono unasogea kidogo kidogo, na sauti inafika hadi kwangu. Natamani vijana wa bendi wangeona, maana ukiwaambia kupiga chini chini ndiko kunakomaliza pumzi wanadhani unawabania.

Sehemu ya mwisho ilinichosha, sikufichi. Wa fidla wanarudia kitu kilekile mpaka unawaonea huruma. London mwaka 1844 wapigaji walicheka kwenye mazoezi, Mendelssohn akaiondoa kwenye ratiba. Sisemi walifanya vizuri, ila mikono yao naielewa.

Ada ya Neema nimeituma kwa simu, mwambieni aende mapema asisubiri kurudishwa. Na mafuta ya kulainishia mkono wa tromboni huku si ghali. Kuna dada anakuja Krismasi, nitampa. Niambie chupa ngapi, na kama ile sehemu ya kupulizia iliyopasuka mlishapata nyingine.

Wasalimie wote,
Mwanao