Wazee wetu nao wafikishiwe shughuli zao kwenye televisheni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu kwa wakuu wa vituo vyetu vya televisheni, na kwa wasomaji wenzangu walioko nyumbani na ughaibuni. Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Kwa sasa ninaishi New Jersey, Marekani, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao, kama walivyo wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki kuja huku. Ninayemtunza sasa ni bibi wa Kiyahudi mwenye umri wa miaka 91, mwalimu wa hesabu mstaafu. Tangu avunjike nyonga hatoki nje ila akienda kwa daktari.

Wayahudi wa Marekani ni wachache, hawafiki watatu katika kila watu mia. Lakini wamejua namna ya kumfikishia mzee aliyefungiwa ndani shughuli za jamaa zake: ibada, mihadhara, maigizo, masomo, hadi matanga. Sisi ambao lugha yetu inasemwa kuanzia Lubumbashi hadi Muscat hatujafanya hivyo, na linaniuma.

Kituo anachokitazama Bibi kinaitwa JBS, kifupi cha Jewish Broadcasting Service. Kilianzishwa mwaka 2006 na Rabi Mark Golub, aliyefariki 2023, na mwanzo kiliitwa Shalom TV. Hakiendeshwi kwa faida. Kinaishi kwa michango ya watazamaji, na Bibi ni mmoja wa wanaochangia. Hundi yake huiandika mwenyewe kwa mkono unaotetemeka, wala hataki nimsaidie.

Nilipoanza kukitazama pamoja naye nilitegemea kuona studio za kifahari na watangazaji waliopambwa. Kumbe sehemu kubwa ya kazi yao ni kupeleka kamera pale ambapo watu wamekwisha kukutana. Mwandishi akizungumza kwenye ukumbi wa 92nd Street Y mjini New York, taasisi iliyokuwapo tangu 1874, mazungumzo yale Bibi huyapata akiwa kwenye kiti chake. Rabi akifundisha darasa la Maandiko, kamera ipo. Hawatungi shughuli kwa ajili ya televisheni. Shughuli ingekuwapo hata bila wao, na wao huifuata iliko na kumletea asiyeweza kwenda. Hapo ndipo nilipojiambia kwamba hata sisi tunaweza, maana kama ni shughuli, Waswahili tunazo tele.

Ijumaa jioni ndiyo siku yenyewe. Saa kumi na mbili huonyeshwa ibada ya kukaribisha Sabato moja kwa moja kutoka Central Synagogue, sinagogi la mwaka 1872 lililoko Lexington Avenue, New York. Anayeiongoza ni Rabi Angela Buchdahl, mwanamke aliyezaliwa Korea kwa mama Mkorea Mbudha na baba Myahudi wa Marekani, na sauti yake akiimba inakufanya uache unachokifanya. Kabla ya saa hiyo huwa nimeshatandika kitambaa cheupe mezani na kuweka mkate wao wa kusukwa chini ya kitambaa kingine kidogo. Mishumaa ya Sabato hatuwashi, kwa sababu Bibi ana mashine ya oksijeni na moto hauruhusiwi humo ndani. Binti yake alimnunulia miwili ya betri. Bibi hubonyeza kitufe cha kwanza, kisha cha pili, anajifunika macho kwa viganja na kusoma dua yake taratibu, kama vile ni moto wa kweli.

Ibada ikifika karibu na mwisho husomwa majina ya marehemu, wale waliofariki karibuni na wale ambao ni kumbukumbu ya mwaka wao. Wafiwa husimama na kusoma kadishi, dua ya Kiaramu. Ijumaa moja Bibi aliniashiria nimsogezee chuma chake cha kutembelea. Nilidhani anataka kwenda msalani. Akanikatalia kwa kichwa huku ananyoosha kidole kwenye televisheni. Ilikuwa kumbukumbu ya mumewe. Nikamshika kwapani, akasimama, na mle chumbani akaisoma dua yote pamoja na mamia ya watu walioko mjini, na mahali pa kuitikia aliitikia kwa sauti. Magoti yalikuwa yanagongana. Alipokaa aliniambia, "Wamenisubiri nimalize." Ukweli ni kwamba hakuna aliyemsubiri, dua ina mwendo wake. Lakini nilielewa alichomaanisha.

Niseme pia kwamba si Wayahudi wote wanaokubaliana na jambo hili. Jirani yetu wa ghorofa ya pili ni wa madhehebu ya Orthodox, na kwao jua likishazama Ijumaa hawagusi swichi ya taa, sembuse kuwasha televisheni. Zile taa zake huwaka na kuzimika zenyewe kwa saa iliyotegwa mapema. Bibi ni wa Reform, ambao wanaona bora mgonjwa asikie dua kwa mashine kuliko asisikie kabisa. Wanatofautiana na wanaishi mlango kwa mlango, na Jumapili jirani huja kumjulia hali.

Siku moja Bibi aliniuliza kama kwetu kuna Wayahudi. Nikamweleza kuwa mwaka 1903 Waingereza waliwapa Wayahudi wazo la kuhamia nyanda za Uasin Gishu, Kenya, na mkutano wao mkuu ukalikataa mwaka 1905. Hata hivyo waliokuja kivyao walikuwapo, wakaunda jumuiya yao Nairobi mwaka 1904, na sinagogi lao lipo hadi leo karibu na Chuo Kikuu, barabara ambayo kila mwenye kupanda matatu mjini ameipita. Nikamweleza pia habari za Abayudaya, Wayahudi wa Mbale, Uganda, waliomfuata jemadari wa Kiganda Semei Kakungulu alipoishika dini hiyo mwaka 1919. Idi Amin aliwapiga marufuku, wakasali kwa kujificha. Kiongozi wao Gershom Sizomu alihitimu urabi Marekani mwaka 2008, na 2016 akachaguliwa kuwa mbunge.

Bibi hakuamini. Nikamtafutia nyimbo zao kwenye intaneti, zile zilizorekodiwa kijijini na kutolewa na Smithsonian Folkways, watoaji wa muziki wa Marekani, mwaka 2003. Zaburi kwa Kiluganda, na ngoma chini yake. Alisikiliza wimbo wa kwanza akiwa kimya, wa pili akaanza kugonga mkono wa kiti, kisha akaniomba nimpigie simu binti yake aje asikie. Nyimbo za kijiji cha Mbale zilimfikia mwanamke wa New Jersey kwa sababu kuna mtu aliyefunga safari na kipaza sauti, akarekodi kwa adabu, akaandika nani anaimba na anaimba nini.

Sasa nije kwetu. Mama yangu mzazi yuko Tanga. Miguu imevimba, ngazi za nyumba ya jirani hazipandi tena. Kukiwa na maulidi mtaa wa pili anasikia vipaza sauti kwa mbali, upepo ukigeuka hasikii kitu. Wajukuu humtumia video za simu: nusu dakika, imepigwa kwa ubavu, nusu yake ni mgongo wa mtu. Anapowasha televisheni anakuta mkutano wa siasa, mpira, au tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti ya Kiswahili. Sizichukii tamthilia, naye anazipenda. Lakini mtu aliyekulia mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, aliyemjua mwimbaji Bi Shakila tangu sauti yake inaanza kuvuma, hana hata saa moja kwa wiki ya kuona watu wake wakifanya mambo yake.

Mwaka jana niliandikia kituo kimoja cha nyumbani, sitakitaja jina, nikiomba waende wakarekodi usiku wa kikundi cha wazee wanaokutana kughani mashairi. Nilijibiwa kwa orodha ya bei. Kikundi kilipie muda wa hewani, kilipie gari la wapiga picha na posho zao. Wazee wale wanachangishana hata fedha ya chai. Najua vituo vina gharama, umeme na mishahara havilipwi kwa mashairi. Ila nauliza: matangazo ya harusi za wenye fedha mbona yanapata saa nzima?

Kuna nchi ambako televisheni ya taifa inabeba jukumu hili. Ufaransa, Jumapili asubuhi, France 2 huzipa zamu jumuiya za dini, Wabudha, Waislamu, Wayahudi na Wakristo wa madhehebu mbalimbali. Kipindi cha Kiyahudi kiliongozwa na Rabi Josy Eisenberg tangu 1962 hadi alipofariki 2017. Mtu mmoja, miaka zaidi ya hamsini, watazamaji wakazeeka naye. TBC, KBC na ZBC ni mali ya umma. Zanzibar tulitangulia wengi kwa televisheni ya rangi, tangu miaka ya 1970. Hatuwezi kusema hatukujifunza kazi.

Wapo watakaoudhika kwamba Mwislamu wa Tanga anawasifia Wayahudi wakati huu. Nawaelewa. Habari za JBS zina msimamo wa wazi wa kuiunga mkono Israel, na mimi kuhusu Palestina nina msimamo wangu ambao Bibi anaujua. Zikianza habari hizo mimi huenda jikoni, naye hanizuii. Lakini namna ya kumtunza mzee na lugha yake nitajifunza popote nitakapoiona.

Na kwa lugha hasa wana la kutufundisha. Wazazi wa Bibi walizungumza Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki ambayo wasemaji wake wengi waliuawa zama za Hitler. New York kuna kikundi cha maigizo cha lugha hiyo, Folksbiene, kilichoanzishwa 1915 na hakijasimama mpaka leo. Mchezo unachezwa kwa Kiyidi chenyewe, na juu ya jukwaa hupita maandishi ya tafsiri kwa Kiingereza na Kirusi. Mjukuu asiyejua neno anakaa karibu na bibi yake, na wote wawili wanacheka, mmoja nyuma ya mwingine kidogo. Wakati wa Korona, kumbi zilipofungwa, waliendelea kwa intaneti.

Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu cha Unguja, imewatangulia hao kwa miaka kumi, ni ya 1905. Mcheza kwao hutunzwa, tunasema. Basi taarabu ya Ikhwani irushwe kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, bila kukatwa kwa tangazo la sabuni katikati ya ubeti, na chini ya skrini yapite maneno ya wimbo. Watoto wetu wa New Jersey wanafahamu Kiswahili cha "njoo ule" na "vaa viatu". Wimbo wa mafumbo hawaushiki bila kusaidiwa, na mimi mwenyewe baadhi ya beti hunishinda.

Ninachokiomba si kituo kipya. Ni saa moja kila wiki, siku ileile na wakati uleule, ili mtu wa miaka themanini aizoee kama anavyozoea saa ya dawa. Kamera mbili na kipaza sauti kizuri, sauti ikiwa bora kuliko picha, maana wengi wa watazamaji hawa macho yameshachoka. Wiki hii maulidi ya Lamu, wiki ijayo kwaya ya kanisa la Bagamoyo, nyingine malenga wa Mombasa na wa Lubumbashi wakijibizana, nyingine hadithi za nyanya wa Ujiji. Mwisho wa kipindi yasomwe majina ya wazee waliotangulia wiki hiyo, na familia zitume majina kwa ujumbe wa simu. Hilo peke yake litawakalisha watu mbele ya televisheni, nawaambia. Kipindi kiwekwe pia kwenye intaneti bure, kizima, kwa jina na tarehe, atakayekitafuta mwaka 2060 akipate. UNESCO ilitutengea Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na kila mwaka naona hotuba za mabalozi. Kipindi cha kwanza kingeanza siku hiyo.

Kuhusu fedha, sitaki kumwachia mwingine mzigo. Nimelizungumza katika kundi letu la WhatsApp la akina mama wa Pwani tulioko New Jersey na Pennsylvania. Wengi tumekubaliana kutoa dola kumi kila mwezi kwa kituo kitakachokubali, mradi watuonyeshe hesabu. Wenzetu wa Minnesota, London na Muscat nao waulizwe, sidhani watakataa. Mkuu wa kituo atakayekuwa tayari aandike kwenye ukurasa huu huu wa barua, na mimi nitajibu kwa majina ya wachangiaji na fedha ya mwezi wa kwanza.

Mlezi wa wazee kutoka Ngamiani, Tanga
New Jersey, Marekani