Usiondoke Bila Watu Wako

Pumwani, Nairobi
25 Januari 2026

Shoga yangu mpendwa Zuhura,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Huku Majengo sote tu wazima, alhamdulillah. Mama anakusalimu sana na anauliza goti la mama mkwe wako linaendeleaje.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikafunga mlango wa saiba yangu ya intaneti nikausikiliza tena. Umesema akaunti ya biashara imefungwa, umekata rufaa, na jibu limekuja baada ya dakika chache tu, ishara kwamba hakuna binadamu aliyesoma ulichoandika. Umesema umechoka, utatoka mitandaoni moja kwa moja na utabaki kuwauzia leso wanaopita Biashara Street huko Mombasa kwa miguu. Najua ile akaunti haikuwa ya leso peke yake. Zilikuwemo picha za marehemu mama yako amejitanda kisutu, na dua walizoandika watu siku ile tuliyomzika. Nimeumia pamoja nawe. Lakini huo uamuzi wa kutoka sikubaliani nao, na kwa kuwa sababu zangu ni ndefu kuliko ujumbe wa sauti, nimekaa chini nikuandikie.

Nianze na wateja. Yule mama wa South C yupo. Wale dada wa Eastleigh wanaochukua leso za harusi nzima kwa mkupuo mmoja wapo. Wanakutafuta, wanakuta ukurasa haupo, wanadhani umeacha biashara. Nawe huwezi kuwaambia lolote, kwa sababu mazungumzo yenu yote yalipita ndani ya akaunti ile. Kampuni ingeweza kukufungia ukurasa na bado ikakuachia daftari la watu wako. Haikufanya hivyo, kwa sababu mitandao hii ilijengwa tangu mwanzo ili daftari libaki kwao. Hapo ndipo penye tatizo lote, Zuhura, na ndipo mustakabali wa mambo haya utakapoamuliwa.

Kumbuka tulivyokuwa na simu. Zamani ukitaka kuhama kampuni ya simu ulinunua laini mpya, kisha ukaanza kuutangazia ukoo mzima namba mpya, na kila mara kuna shangazi aliyebaki na ile ya zamani. Aprili 2011 Kenya ikaanza utaratibu wa kuhama na namba yako ile ile. Waliohama hawakuwa wengi, na sababu unaijua: M-Pesa ilikuwa imeanza 2007, maisha yetu yalikuwa tayari mle ndani, na ukihama uliiacha. Ukimtumia pesa mtu wa kampuni nyingine, yeye alipata ujumbe wenye namba ya kwenda nayo kwa wakala, na ada yake ilikuwa kubwa. Ilibidi tungoje mpaka 2018 ndipo pesa zikaanza kuvuka moja kwa moja kutoka kampuni moja hadi nyingine. Mambo hayo yalihitaji wasimamizi wa serikali kusukuma, na yalichukua miaka. Leo watoto wetu hawajui kwamba iliwahi kuwa vinginevyo.

Simu ya Airtel humpata wa Safaricom bila mtu kuuliza. Barua pepe vilevile, popote ulipoifungua. Mitandao ya kijamii ndiyo inayotulazimisha tujisajili kwa kampuni ile ile aliyojisajili rafiki yetu, la sivyo hatuonani.

Wapo watu waliokwisha kuona kwamba si lazima iwe hivyo. Tangu 2016 kuna mtandao uitwao Mastodon, ulioanzishwa na Eugen Rochko huko Ujerumani. Una seva nyingi, yaani kompyuta zinazohifadhi akaunti za watu, kila moja na msimamizi wake, na zote huelewana kwa itifaki moja, yaani lugha ya pamoja ya mashine, iitwayo ActivityPub, ambayo W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, iliidhinisha mwaka 2018. Ukikosana na msimamizi wako unahamia seva nyingine na wafuasi wanakuja nyuma yako, ingawa ulichoandika zamani kinabaki kule. Bluesky, mtandao mwingine uliofunguliwa kwa watu wote Februari 2024, ina wazo linalokaribiana na hilo. Meta yenyewe, kampuni yenye Facebook na WhatsApp, imeanza kuruhusu posti za mtandao wake wa Threads zifike kwa watu wa Mastodon. Na Ulaya wana sheria ambayo tangu Machi 2024 inaitaka WhatsApp ifungue mlango kwa programu nyingine za ujumbe zinazoomba kuunganishwa nayo.

Hapa saiba hayo bado hayajafika. Wanaokuja kwangu wanataka kujaza fomu za kodi za KRA, kuchapisha wasifu wa kazi, au wamepoteza simu na pamoja nayo neno la siri, na wanalia kweli kweli. Nikiwatajia Mastodon wananitazama tu. Siwalaumu. Hakuna anayehamia mahali ambapo mama yake hayupo. Ndiyo maana namtegemea mtunga sheria kuliko fundi wa programu. Na sheria ya kuanzia tunayo! Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 38, inampa mtu haki ya kupewa data yake katika mpangilio ambao mashine inaweza kuusoma, na kuihamishia kwingine. Nimekisoma mara nyingi kifungu hicho kwa sababu ya watu wanaokuja hapa na kesi kama yako. Upungufu wake ni kwamba data "yangu" ni picha zangu na maneno yangu. Watu wangu hawamo. Ningekuwa na sauti bungeni, hilo ndilo ningeliomba: nikihama, wale waliokubali kunifuata waweze kunipata nilipo, kama anavyonipata mtu mwenye namba yangu ya simu.

Sasa kuhusu lile jibu la dakika chache. Posti waliyoitaja, umesema, ni ya leso yenye jina "Hasidi hana sababu". Mashine imeona tusi. Mswahili yeyote angeona leso. Na hapa kuna jambo linalonikera hasa kwa kuwa ni la mji huu. Kwa miaka kadhaa kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook kwa nchi nyingi za Afrika ilifanyika hapa Nairobi, katika kampuni iitwayo Sama, kwa mkataba na Meta. Vijana walikaa siku nzima wakitazama mauaji, ubakaji na watu kujiua ili sisi tusivione. Mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, alifungua kesi mahakamani hapa. Mwaka uliofuata wenzao zaidi ya 180 wakafungua yao baada ya kuachishwa kazi. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilisema Meta inaweza kushtakiwa Kenya. Baadaye ikajulikana kupitia hati za kesi kwamba zaidi ya 140 kati yao walipimwa na kukutwa na maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe.

Wengine wao wanaishi mitaa hii hii tunayoishi. Nikisikia watu wanazungumza juu ya mitandao ijayo, ya miwani na akili unde na kadhalika, nauliza kwanza nani atakayekaa kwenye kile kiti. Akiwa mashine, ifundishwe Kiswahili kama kinavyosemwa, pamoja na mafumbo yake. Akiwa binadamu, alipwe vizuri, atibiwe, na awe na mamlaka ya kukujibu wewe Zuhura kwa jina lako. Rufaa isiyosomwa na mtu haistahili kuitwa rufaa.

Umegusia pia kwamba uongo umezidi, na hapo nakuunga mkono kabisa. Watu wazima wananiletea video hapa, wananiuliza, "Mwanangu, huyu ni yeye kweli?" Mara nyingine sijui la kuwajibu. Sauti zinaigwa, sura zinaigwa. Kwa hiyo nawaona wengi wanarudi kwenye vikundi vidogo: kikundi cha chama, cha ukoo, cha wazazi wa madrasa, cha wapangaji wa ploti moja, mahali ambapo kila sauti ina mtu unayemjua. Nadhani huko ndiko tunakoelekea, na kuna heri yake.

Ila uwanja mkubwa nao tusiuache. Juni 2024 ulikuwa Mombasa na mimi nilikuwa hapa, na sote tuliona. Vijana waliuchukua Mswada wa Fedha, uliotaka kuongeza kodi, wakaufafanua kwa lugha za makwao, kwa video fupi ambazo hata mama alizielewa. Watu waliosikilizana kwenye X hawakuwa wamewahi kukutana, si wa kabila moja wala mtaa mmoja. Walichanga pesa za hospitali kwa majeruhi ambao hawakuwajua. Tarehe 25 watu waliuawa kwenye maandamano, na jioni ile intaneti ikadhoofika nchi nzima. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Tarehe 5 Julai yeye mwenyewe aliingia kwenye mjadala wa sauti wa X kujibu maswali ya vijana. Kikundi cha ukoo kisingeweza kufanya hayo. Nami sitaki binti yangu akue katika nchi ambayo kila mtu amejifungia na watu wake tu. (Ana miaka kumi na minne, na huniuliza kuhusu Australia, ambako tangu Desemba 10, 2025 walio chini ya miaka 16 hawaruhusiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii. Mimi ningependa kwanza kampuni zenyewe zibanwe kabla ya kumbana mtoto, lakini hayo tutazungumza ukija.)

Uwanja huo mkubwa, hata hivyo, uko juu ya nyaya. Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari zilipokatika upande wa Afrika Kusini, saiba yangu ilikaa kama imefiwa. Kwa hiyo nikisema usitoke mitandaoni, simaanishi uweke kila kitu huko tena kama mwanzo.

Nimefikiria la kufanya kabla ya Ramadhani, kwa kuwa maagizo ya Idd hayangoji. Wateja wako wa Nairobi walikuwa wanakulipa kwa M-Pesa kwenye simu yako, na wewe hufuti ujumbe, nakujua. Kila ujumbe wa malipo una jina na namba ya aliyetuma. Risiti za mizigo ya basi la usiku nazo zina namba za waliopokea. Hilo ndilo daftari lako. Liandike kwenye kitabu, kwa kalamu, kisha niletee nakala nikuwekee kwenye kompyuta. Halafu tutamwandikia kila mmoja ujumbe mfupi wa kawaida wa simu kuuliza kama angependa kuendelea kupata habari zako. Tuulize kwanza, maana namba zao walizitoa kwa ajili ya mzigo na si kwa matangazo. Atakayekataa tumwache.

Pili, tukusajilie jina lako mwenyewe lenye .co.ke. Majina hayo husimamiwa na KeNIC, na ukichoshwa na kampuni inayokuhudumia unahama na jina lako. Hapo tutaweka picha za leso, bei na namba ya simu, ukurasa mmoja tu usiokula bando. Kisha fungua akaunti mpya popote wateja walipo, na popote pawe na mlango wa kurudi kwenye ukurasa wako. Wakifunga tena, mteja ataujua mlango mwingine.

Tatu, iandikie kampuni kudai data yako kwa kifungu kile cha 38. Wasipojibu tutalalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, na fomu nitaijaza mimi mwenyewe. Sina hakika kwamba watakurudishia akaunti, lakini picha na dua za watu ni zako, na tutazidai. Picha tatu za mama yako nilizipakua zamani na ziko kwenye diski yangu, pamoja na ile aliyosimama mlangoni kwenu Kongowea. Nitazichapisha kwa karatasi nzuri nikutumie.

Nitumie risiti kwa basi la Alhamisi nizipate Ijumaa asubuhi, na uandike juu ya bahasha namba ya saiba, kwa kuwa karani wa stesheni siku hizi hatoi mzigo bila namba. Mwambie Nasri ile kompyuta yake imekwisha kutengenezwa, aijie au aniambie niitume pamoja na picha.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na mama mkwe mpe pole ya goti.

Ni mimi shoga yako,
Rukia