Viatu vya Hajati

Kampala, Jumatano usiku

Dada Hawa,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, Juma karudi Bombo, mambo yake nitakusimulia siku nyingine. Nimeshika kalamu kwa sababu ya ujumbe wako, kwamba Hajati ananenepa tangu aanzishiwe pioglitazoni, hiyo dawa ya kisukari, viatu vyake vya sikukuu vimekataa kuingia, na sasa anataka kuitupa dawa. Hivyo viatu ndivyo vilivyonishtua.

Unene wenyewe una sababu. Dawa hiyo huamsha protini iitwayo PPAR gama, iliyomo katika kiini cha seli za mafuta. Kazi ya protini hiyo ni kuwasha jeni. Ndiyo inayoiamuru seli changa iwe seli ya mafuta. Mwaka 1994 mtafiti Spiegelman na wenzake kule Boston, Marekani, waliitia katika seli za aina nyingine kabisa, nazo zikageuka zikajaa mafuta. Dawa ya kisukari inayoongeza mafuta! Lakini mafuta ya chini ya ngozi ni ghala, dada. Pasipo ghala, mafuta huhamia kwenye ini na misuli, na huko huizuia insulini kufanya kazi. Wapo watu waliozaliwa na hitilafu katika jeni ya protini hii: mikono na miguu imekonda, ila kisukari chao ni kikali na ini limejaa mafuta. Shangazi Safia aache kumtia Hajati hofu eti kapewa dawa ya kunenepesha.

Sasa viatu. Protini hiyo hiyo imo kwenye figo pia, na ikiamshwa mwili hubakiza chumvi na maji. Moyo ukiwa dhaifu, maji hayo ni hatari, ndiyo maana mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri hapewi dawa hii. Na Hajati ana presha tangu sisi tukiwa shuleni. Bonyeza muundi wake kwa kidole gumba, hesabu hadi tano, uachie. Kishimo kikibaki, hayo ni maji. Mpime uzito kila asubuhi uandike. Miguu hiyo daktari aione wiki hii, na neno la kuacha dawa litoke kwake, maana sukari nayo haitangoja. Lakini akianza kuhema, au akishtuka usiku kutafuta pumzi, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke hospitali ya Arua saa hiyo hiyo, hata kama mvua inanyesha, hata kama yeye anakataa. Unamjua anavyokataa.

Daktari alimpima moyo kabla ya kumwandikia? Anadunga insulini pia? Maana vikienda pamoja uvimbe huzidi. Analalia mito mingapi siku hizi? Kipimo cha sukari cha mwisho kilisemaje? Nauli mnayo, au nitume kwa simu kesho asubuhi? Na wewe, Hawa, unapata usingizi?

Wako,
Rehema