Amplifaya ya boti yako ni nzima

Bukavu, Jumapili jioni

Baba Mapacha, ndugu yangu,

Jambo sana. Barua yako imenifikia, aksanti. Nimefurahi kusikia kwamba watoto wamepona malaria na mama yao ameanza tena kwenda sokoni. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mgongo wa mama ambao bado unamsumbua mvua zikinyesha. Anakusalimu sana.

Nianze na jambo lililonikosesha raha. Umeandika kwamba fundi mmoja huko Goma amekushauri utoe fyuzi ya ampea 60, mahali pake uunge waya mtupu, ili amplifaya ya boti, ile mashine ya kukuza sauti, isizime tena muziki ukipiga. Nakusihi, usifanye hivyo. Fyuzi ile haikuwekwa kulinda amplifaya. Kazi yake ni kulinda waya unaotoka kwenye betri, usije ukashika moto siku utakapochubuka na plasi ikagusana na hasi. Gari likianza kutoa moshi, watu hushuka wakasimama kando ya barabara. Boti yako ni ya mbao, ina madumu ya petroli chini ya benchi la nyuma, na inabeba wanakwaya ambao wengi hawajui kuogelea. Ziwani Kivu, kati ya kisiwa cha Idjwi na bandari ya Kituku, watashukia wapi? Iache fyuzi ilivyo, tena uisogeze karibu na betri, isipite shubiri moja kutoka kichwa cha plasi.

Halafu fikiria: fyuzi ikikatika, amplifaya haiwaki tena mpaka uweke nyingine. Yako inazima besi ikipiga, taa nyekundu inawaka, kisha baada ya sekunde chache inarudi yenyewe. Basi fyuzi haimo kabisa katika ugonjwa huu.

Ile taa nyekundu ndiyo amplifaya inayosema na wewe. Inajizima kwa makusudi ili isiungue, na namna inavyojizima inaonyesha inakimbia nini. Ingekuwa inazima mara tu unapoiwasha, hata kabla ya muziki, ningesema waya wa spika umegusana mahali au spika moja imekufa. Ingekuwa inacheza vizuri nusu saa, ikazima na kukataa kuwaka mpaka ipoe, ningesema ni joto. Yako inafuata besi, na unasema ni mbaya zaidi mkishazima mota pale Idjwi. Hiyo ni njaa ya umeme. Karibu kila amplifaya ya boti ninayoletewa hapa mtaani Kadutu huwa nzima kabisa, naiwasha mezani inaimba. Mwenyewe anarudi nayo ziwani, inazima tena, na kinachofuata ni kununua nyingine. Fedha hiyo inaniuma kuliko inavyomuuma yeye.

Sasa tafuta mita ya kupimia volti. Usipime betri ikiwa imepumzika, maana hapo itakuonyesha 12.6 na utaridhika bure. Weka muziki wenye besi nzito, sauti ile mnayotumia harusini, upime mahali pawili: juu ya vichwa vya betri, kisha pale nyaya zinapoingia kwenye amplifaya. Amplifaya nyingi hujizima volti zikishuka karibu na 10. Ukikuta betri ina 12 na kwenye amplifaya ni 10, zile volti mbili zimepotelea njiani, kwenye waya na viungo vyake.

Na mimi nadhani ndipo zilipo. Waya uliotumia ni wa milimita za mraba 4, na kutoka betri hadi amplifaya ni mita 6. Umeme lazima urudi pia, kwa hiyo hesabu mita 12. Besi ikivuta ampea 40, waya huo peke yake unakula volti 2 na zaidi kidogo. Ukiweka wa milimita za mraba 25, hasara inakuwa kama theluthi moja tu ya volti. Ila uwe wa shaba halisi. Kwaruza ncha yake kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Huo hupitisha umeme vibaya zaidi, na kwenye unyevu wa ziwa huliwa upesi.

Kisha huo waya wa hasi. Umeufunga kwenye boliti ya mota, kama wafanyavyo wa magari. Gari lina mwili wa chuma, na ule mwili ndio njia ya kurudia. Boti yako haina mwili wa chuma. Urudishe waya wa hasi moja kwa moja hadi kwenye betri, unene uleule wa plasi, na usugue kutu ya kijani kwenye vifungo mpaka shaba ing'ae.

Ikiwa hata kwenye vichwa vya betri volti zinaanguka besi ikipiga, basi betri yenyewe imechoka. Mota kama yako ya nguvu za farasi 40 huchaji betri kwa ampea zisizofika 20, tena ikienda mbio. Ikienda polepole hutoa kidogo sana. Na betri ya kuwashia mota hutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, haipendi kunyonywa mchana kutwa. Ningekuwa wewe ningetafuta betri ya pili, ya aina inayotumiwa na sola, iwe ya muziki peke yake, ili ile ya mota isiwaangushe jioni mkitaka kurudi.

Kuna jambo umelitaja kwa mstari mmoja tu, kwamba taabu ilizidi ulipoongeza sabufa ya pili, ile spika kubwa ya besi. Kila moja ni ya omu 4, ndicho kipimo cha jinsi inavyozuia umeme. Ukiziunga sambamba, plasi kwa plasi na hasi kwa hasi, zinakuwa omu 2, na amplifaya uliyounganisha chaneli zake mbili kuwa moja kwa kawaida haitaki kushuka chini ya 4. Kwa sasa ziunge kwa mfuatano: plasi ya amplifaya iingie sabufa ya kwanza, hasi ya hiyo iende plasi ya pili, hasi ya pili irudi kwenye amplifaya. Zitakuwa omu 8. Sauti itapungua, lakini kwaya itamaliza wimbo.

Amplifaya itoe pia chini ya benchi, uisimamishe penye upepo pasipofikiwa na maji. Huku juu, kwenye mita 1,460, hewa ni nyepesi na haipozi vizuri kama ya pwani.

Kabla ya harusi ya Jumamosi hutawahi kubadilisha nyaya zote. Unga sabufa kwa mfuatano, rudisha hasi kwenye betri, na msipige besi mota ikiwa imezimwa. Kisha niandikie namba mbili: volti za kwenye betri na volti za kwenye amplifaya, muziki ukipiga. Nikizipata nitajua kama nikutafutie waya hapa Kadutu, au fedha hiyo uitunze kwa betri.

Wasalimie mapacha na mama yao.

Ni mimi ndugu yako wa Kadutu