Wito wa mahakama uje pia kwa simu

Mhariri,

Naandika kuhusu kuchelewa kwa mashauri ya madai. Jirani yangu hapa Ngamiani, Tanga, anadai pesa za mbao. Hati ya wito imerudi mara tatu: mdaiwa haonekani, kahama Makorora. Lakini kila asubuhi anaweka picha za mbao mpya WhatsApp, na jirani anaziona!

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kupokewa kama ushahidi. Iweje usitoshe kumwita mtu shaurini? Bunge liweke wazi, katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, kwamba namba iliyoandikwa kwenye mkataba ni anwani halali ya wito. Asiye na simu apelekewe karatasi kama kawaida.

Mkazi wa Ngamiani,
Tanga