Malalamiko: mlinirudisha nyumbani mara mbili, oili ikaharibikia ndani ya injini

Kwa meneja wa gereji,

Asalaam aleikum. Mimi ni yule mzee wa Vitz nyeupe, wa Kisauni. Kijana wenu wa kaunta anijua vizuri, kila nikija hunitania eti gari yangu ni ya maonyesho. Kweli haitembei, Ijumaa msikitini, Kongowea sokoni, mara moja moja Mtwapa kwa dadangu, basi. Tangu mnifanyie servisi Machi 2022 imekwenda kilomita 1,840 tu.

Sasa 2023 nlikuja nikasema nataka kumwaga oili, kijana akachungulia stika yenu pale kwenye kioo akaniambia mzee bado, hapa pameandikwa kilomita 5,000, usipoteze pesa. 2024 nikarudi, jibu lile lile, na juu yake akanambia oili ni kama asali, haiozi. Asali! Nikamwamini kwa sababu yeye ndiye alovaa ovaroli.

Mwezi uliopita fundi wa mtaani kafungua kifuniko cha oili, nikaona uji mweupe umegandamana pale kama tui lililokatika. Nikajua gasketi ya injini imekwenda, maji ya rejeta yaingia kwenye oili, nimekwisha. Akaangalia maji ya rejeta hayajapungua, akasema hapana mzee, huu ni unyevu tu. Kumbe petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji na mwengine hupenya kwenye ringi za pistoni ukateremka mpaka kwenye oili, gari ya safari ndefu oili yapata moto maji yakakauka, lakini mimi nikiwasha hata sijakaa vizuri nishafika sokoni nishazima. Na ile geji ya dashibodi yaonyesha joto la maji, si la oili, oili huchelewa kupata moto. Basi maji yabaki humo pamoja na petroli isoungua, oili yageuka asidi yala chuma, hata gari ikiwa imelala uwanjani.

Nikatoa kitabu cha gari, ni cha Kijapani, mwanangu akanisomea kwa simu: kilomita 15,000 au mwaka mmoja, chochote kitakachotangulia, na ukiwa ni mtu wa vijisafari vifupi, nusu yake. Yaani mimi ni miezi sita! Nyinyi mlinikalisha zaidi ya miaka miwili kwa sababu stika yenu ina kilomita haina tarehe.

Ilibidi nimwage, niendeshe kidogo, nimwage tena, oili na filta mara mbili. Nataka mnilipe mara moja kati ya hizo, risiti ninazo. Na hizo stika wekeni tarehe, wazee wenye magari ya kulala tuko wengi hapa mjini.

Nangoja jibu wiki hii. Namba yangu mnayo, kila Idi mwanitumia meseji.