Neema, usipange nyumba kwa kuangalia kilomita

Neema besti, mambo vipi na huko nyumbani wote wazima? Junior anaendeleaje, bado kila siku anauliza kuhusu matreni? Mwambie aunt yake anamsubiri.

Nimesoma meseji yako ya zile nyumba mbili, ya Gotokuji na ya Noborito, na naona unavutwa na Gotokuji kwa sababu kwenye ramani iko karibu na Shinjuku, hapa Tokyo, utakakosomea. Subiri kwanza usimjibu dalali. Hii reli yetu ya kampuni ya Odakyu, inayopita vituo vyote viwili, ukiipimia kwa kilomita utalipa kodi kubwa bure, cha kuangalia ni treni gani inasimama kwenye kituo chako. Gotokuji ni kama kilomita 7 tu kutoka Shinjuku lakini pale zinasimama za kila kituo peke yake, zile zenye maandishi ya bluu, kwa hiyo unatumia kama robo saa au zaidi kidogo. Noborito iko kilomita 15, umeshavuka mto Tama umeingia mji wa Kawasaki kabisa, ila kaisoku kyuko, yani treni ya haraka, inasimama, hiyo ya rangi ya chungwa, na ikishatoka kituo cha Shimokitazawa haisimami popote mpaka Noborito! Unafika chini ya dakika 20. Sasa niambie hapo karibu ni wapi.

Najua utauliza inawezekanaje treni ya haraka isikwame nyuma ya ile inayosimama simama. Unakumbuka mwendokasi Morogoro Road, basi la express linavyolipita la kawaida kituoni kwa sababu kuna njia ya pembeni? Ndo hivyo hivyo, ila huku wamejenga njia nne za reli kuanzia Yoyogi-Uehara mpaka Noborito, mbili za treni za haraka mbili za zile za kila kituo, na hawakuzipata kirahisi. Reli yenyewe ilifunguliwa 1927, mpango wa kuongeza njia ulipitishwa miaka ya 60 na kazi ikaja kuisha Machi 2018, yani karibu nusu karne, maana kulia na kushoto ni nyumba za watu na kuna wakazi hawakutaka reli ipite juu ya nguzo, walitaka iende chini, kesi ikafika mpaka mahakama ya juu kabisa ya Japani na mwisho wakashindwa. Pale Shimokitazawa ndo ilizama chini kweli mwaka 2013, za haraka ziko chini kabisa na za kila kituo ghorofa ya juu yake, kwa hiyo ukibadilisha treni pale soma kibao vizuri usikimbilie ngazi yoyote tu. Juu ambapo reli ilikuwa inapita sasa hivi kuna vimaduka na migahawa, utapapenda sana wewe mtu wa mitumba maana Shimokitazawa nguo za mitumba ndo kwao.

Asubuhi sikudanganyi, bado watu wanabanana. Ila waliokuwepo zamani wanakwambia ilikuwa balaa, zile saa za asubuhi behewa lilikuwa linabeba karibu mara mbili ya uwezo wake, baada ya njia nne kukamilika ikashuka mpaka kama asilimia 150, kwa hiyo unabanwa lakini simu unaweza kuishika. Siku za kazi asubuhi baadhi ya treni za kwenda Shinjuku zina behewa la wanawake tu, limewekewa alama pale chini unaposimama kusubiri, mimi nakushauri uzoee kupanda hilo. Na usiongee na simu humo ndani jamani, hata mama akipiga, tuma meseji.

Nauli chukua teiki, ile pasi ya mwezi au miezi mitatu au sita kati ya kituo chako na cha chuo, wanafunzi bei yao iko chini sana ila uliza ofisi ya chuo kwanza kama mnaruhusiwa, siyo kila shule inaingia. Uzuri wa teiki unashuka na kupanda kituo chochote cha katikati bila kuongeza hela, kwa hiyo ukikaa Noborito, Shimokitazawa nayo ni yako bure kila siku. Junior sasa, tangu Machi 2022 mtoto wa shule ya msingi mwenye kadi yake anatozwa yeni 50 tu popote anapokwenda ndani ya Odakyu, hata mkienda hadi Odawara mwisho wa reli, kilomita 82! Mkatie kadi ya mtoto mapema maana akilipa kwa tiketi ya karatasi hiyo bei haipo.

Halafu kuna Romancecar, hapo Junior atachanganyikiwa. Ni treni ya kwenda Hakone kwenye milima na maji ya moto, unalipa nauli ya kawaida halafu na tiketi ya siti juu yake, na ile nyekundu ya GSE abiria wanakaa mbele kabisa kwenye kioo, dereva yuko juu ya vichwa vyao, anapanda kwa ngazi inayoshuka kutoka darini. Siti za mbele zinawahiwa balaa, itabidi tukate mapema. Na siyo urembo tu, Romancecar ya 1957 ilikimbia kilomita 145 kwa saa kwenye majaribio, rekodi ya dunia kwa reli nyembamba wakati huo, na waliotengeneza Shinkansen, zile treni za kasi za Japani, walijifunza humo.

Aah na Noborito pale kituoni wanapiga muziki wa Doraemon, yule paka wa katuni, sababu makumbusho ya mchoraji wake yako jirani. Hiyo usimwambie Junior, aje asikie mwenyewe.

Kwa hiyo mjibu dalali unataka Noborito, muulize kwa mguu ni dakika ngapi mpaka kituoni na akisema zaidi ya 15 akutafutie nyingine. Nitumie picha za chumba kabla hujasaini kitu.

Wako,
Asha